Namba tatu za kamera na picha ya nyanya kibarazani

Kwenye diski yangu kuna picha moja ambayo nimeifungua mara nyingi kuliko programu yoyote niliyowahi kuandika. Ni ya nyanya yangu, mama mzaa mama, amekaa kibarazani kwake Voi mwezi wa Desemba 2008. Nyuma yake kuna ua, na jua la saa saba. Ua umetoka vizuri kabisa: udongo mwekundu, mwarobaini, hata manyoya ya kuku mmoja aliyekuwa akipita. Nyanya mwenyewe ni kivuli cheusi kilichofungwa kilemba. Sura haionekani.

Siku ile nilitazama kioo kidogo cha nyuma ya kamera kwenye jua kali, nikaona watu na rangi, nikaridhika. Nyanya alikuwa amechoka kukaa. "Wewe mjukuu wangu, utapiga mpaka lini? Chai inapoa." Nikazima kamera tukaenda kunywa chai. Mwaka 2010 akafariki, na familia ikaanza kutafuta picha ya kuweka kwenye kijitabu cha mazishi. Kila mtu alinigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye kamera kubwa. Mwishowe tulitumia ile ya kitambulisho, ikakuzwa hadi ikawa ukungu mtupu.

Sasa, picha hii mbaya ina kitu ambacho picha mbaya za baba zetu hazikuwa nacho. Fungua tarakilishi, andika exiftool na jina la faili, na utaletewa orodha ndefu. Katikati ya orodha kuna mistari mitatu: f/8, 1/250, ISO 100. Yaani kamera iliandika ndani ya picha yenyewe namna nilivyokosea. Nilijifunza upigaji picha kutoka kwenye mistari hiyo mitatu, na nilipoanza kuuliza zilikotoka namba zenyewe nikajikuta katika karne ya 19. Hiyo ndiyo safari ninayotaka twende leo.

Tuanze na f/8, kwa kuwa ndiyo inayotisha watu. Lenzi ina tundu linaloweza kupanuliwa na kubanwa, kama mboni ya jicho. Namba ya f ni kugawanya tu: urefu wa fokasi ya lenzi gawanya kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa f/8, tundu lina upana wa milimita 6.25. Ndiyo maana namba kubwa ni tundu dogo, jambo linalomchanganya kila anayeanza. Mfuatano wake ni 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Nilipouona mara ya kwanza nilidhani mtu alibahatisha. Kisha siku moja nikiwa ndani ya matatu ikanijia: kila namba ni ile iliyotangulia mara kipeuo cha pili cha 2. Mwanga unaopita hutegemea eneo la tundu, na eneo hufuata mraba wa kipenyo, kwa hiyo kila hatua inakata mwanga nusu. Muundaji programu yeyote anaijua familia hii. Ni vipeo vya 2 vilivyovaa koti.

Hatua hizo wapiga picha huziita stopu, na jina hilo lina mwili kabisa. Zamani lenzi haikuwa na pete ya kuzungusha. Mwaka 1858 Mwingereza John Waterhouse alitengeneza vibati vya shaba, kila kimoja na tundu la ukubwa wake, ukawa unachomeka kimoja kwenye mwanya wa lenzi ili kuzuia sehemu ya mwanga. Ukitaka kubadilisha, unachomoa hiki unaingiza kile. Kisha kila mtengenezaji akawa na namba zake. Katika miaka ya 1880 chama cha wapiga picha cha Uingereza kilileta mfumo wake ambao f/4 iliitwa 1, inayofuata 2, kisha 4, 8, 16, kila moja ikimaanisha kuongeza muda mara mbili. Kwa maoni yangu ulikuwa mfumo safi kuliko tunaotumia, maana hesabu ya kipeo imeshafanywa kwa niaba yako. Lakini ulishindwa sokoni, kama mifumo mingi mizuri. Kuna kamera za Kodak za mwanzoni mwa karne ya 20 zenye namba hizo, na mtu akiokota moja leo akadhani ni za f atakosea kila mahali isipokuwa kwenye 16, ambapo mifumo miwili inakutana.

Mazoezi niliyofanya kuielewa f hayakuwa ya kifahari. Nilipanga chupa tatu za soda juu ya meza, moja mbele ya nyingine, nikalenga ya katikati, nikapiga kwa f/1.8, f/4 na f/11. Kwa f/1.8 chupa ya katikati peke yake ndiyo iliyosomeka. Kwa f/11 zote tatu zilisomeka, na doa kwenye ukuta wa nyuma pia. Dakika tano. Nilikuwa nimesoma maelezo ya jambo hilo kwa mwaka mzima bila kulielewa.

Namba ya pili, 1/250, ni muda. Shata ni kilango kinachofunguka na kufunga, na hapa sekunde moja iligawanywa mara 250. Mwanzoni hapakuwa na kilango chochote. Mpiga picha aliondoa kifuniko cha lenzi kwa mkono, akahesabu, akakirudisha. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris kutoka dirishani. Mwanga ulichukua dakika kadhaa kujiandika kwenye bati lake la fedha, na kwa muda huo wote watu na magari ya farasi walipita bila kuacha alama. Barabara inaonekana tupu. Aliyebaki ni mtu mmoja aliyesimama akipigwa kiatu rangi, kwa sababu alitulia vya kutosha. Ni miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuonekana kwenye picha, na alifika pale kwa sababu ya vumbi la viatu.

Kila mtu akitaka kujua maana ya kasi ya shata mimi humwambia aende kwenye mfereji wa maji. Fungua maji kidogo. Piga kwa 1/1000, maji yatakuwa shanga zilizoning'inia hewani. Piga kwa 1/15, yatakuwa uzi wa hariri. Halafu piga kwa 1/15 hiyo hiyo bila kuegemeza mikono, utaona kila kitu kimetikisika na kosa si la maji. Kuna kanuni ya zamani kwamba muda usizidi moja gawanya kwa milimita za lenzi, yaani lenzi ya 50 usishuke chini ya 1/50 ukiwa umeishika mkononi. Mimi mikono yangu ni ya mtu wa kahawa nyingi, sishuki chini ya 1/80.

Namba ya tatu ilichukua muda mrefu zaidi kuzaliwa, kwa sababu kabla ya kupima wepesi wa kitu kuhisi mwanga ni lazima mtu aamini kwamba wepesi huo unapimika. Walioamini walikuwa wawili: Ferdinand Hurter, mkemia mzaliwa wa Uswisi, na Vero Charles Driffield, mhandisi Mwingereza. Walifanya kazi kwenye viwanda vya kemikali huko Widnes, na upigaji picha ulikuwa burudani yao ya jioni. Waliudhika kwamba burudani hiyo ilijaa siri za mafundi na kubahatisha. Wakakaa miaka wakipima: mwanga kiasi hiki, weusi kwenye kioo kiasi hiki. Mwaka 1890 walichapisha matokeo. Ukichora kipimo chao unapata mstari wenye umbo la herufi S iliyolala: chini hakuna kinachotokea, katikati ni mteremko ulionyooka, juu umejaa hauongezeki. Mpaka leo mstari huo unaitwa kwa herufi za majina yao, H na D. Hawa ni ndugu zetu. Walikuwa na tatizo, wakakataa kubahatisha, wakapima.

Baada yao zikaja taasisi. Wajerumani wakaweka DIN mwaka 1934, Wamarekani wakaweka ASA mwaka 1943, na mwaka 1974 zikaunganishwa zikawa ISO. Ukikuta boksi la zamani la filamu utaona ISO 100/21°, ya kwanza ni ASA na ya pili ni DIN, kama majina mawili ya mtoto ambaye koo mbili hazikukubaliana. Kwenye kamera ya dijitali ISO inabaki ni lugha ile ile lakini mashine ni nyingine: kihisi hakibadiliki wepesi, kinachofanyika ni kukuza ishara iliyokwisha kupokelewa. Ukikuza ishara dhaifu unakuza na kelele zake. Zile chenga chenga za picha ya usiku kwa ISO 3200 ni sawa na redio uliyoifungulia sauti hadi mwisho ili kusikia stesheni ya mbali.

Kwa hiyo namba zote tatu zilikuwapo kabla kompyuta haijazaliwa, na zote zinakwenda kwa mara mbili. Fungua tundu stopu moja, punguza muda nusu, mwanga ni ule ule. Kamera ya dijitali haikubadilisha hata moja kati ya sheria hizo. Ilichobadilisha ni urefu wa muda kati ya kukosea na kujua umekosea, na kwa mtu anayejifunza mimi naona hilo ndilo jambo lenyewe.

Mjomba wangu alikuwa na kamera ya filamu. Filamu moja ilikuwa picha 36, na alizigawa kama sukari ya mwezi: tano za Krismasi, kumi za harusi, mbili za ng'ombe. Ilimalizika baada ya miezi, ikapelekwa mjini kusafishwa, ikarudi. Kufikia hapo nani alikumbuka picha ya 14 ilipigwa kwa f gani? Vitabu vilishauri mtu atembee na daftari, aandike namba za kila picha. Sijawahi kuona mtu hata mmoja aliyefanya hivyo kwa zaidi ya filamu mbili. Kwa hiyo mjomba alipiga picha miaka 20 na makosa yake yalikuwa yale yale mwaka wa kwanza na wa mwisho. Hakuwa mjinga. Alikosa kilichomuunganisha na kosa lake. Waundaji programu wa enzi za kadi za kutobolewa wanaijua hali hiyo: unapeleka kadi zako leo, unarudi kesho kuambiwa kwamba umesahau alama moja.

Wapo waliojaribu kufupisha safari hiyo. Edwin Land aliuza kamera ya kwanza ya Polaroid mwaka 1948, picha ikitoka kwa dakika moja hivi, na mafundi wa studio wakawa wanapiga kwanza Polaroid ya kujaribia mwanga kabla ya kupiga filamu yenyewe. Lakini kila jaribio lilikuwa karatasi uliyoilipia.

Kamera ya kwanza ya dijitali iliyobebeka haikufikiria wanafunzi hata kidogo. Steven Sasson, mhandisi kijana wa Kodak huko Rochester, aliikamilisha Desemba 1975. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, pikseli 100 kwa 100, nyeusi na nyeupe, na iliandika picha moja kwenye kaseti ya kawaida kwa sekunde 23. Wakati huo huo kwenye kampuni hiyo hiyo Bryce Bayer alikuwa amebuni jinsi ya kupata rangi: juu ya kihisi unaweka vioo vidogo vya rangi, viwili vya kijani kwa kila kimoja chekundu na kimoja cha buluu, kwa kuwa jicho la binadamu hupata undani mwingi kwenye kijani, kisha programu inakisia rangi zilizokosekana. Hati yake ilitolewa mwaka 1976, na mpangilio huo umo kwenye kamera nyingi hadi leo. Yaani theluthi mbili ya rangi unazoziona kwenye picha yako ni makisio ya programu. Huwa nawaambia wenzangu kazini wanaodhani kamera haisemi uongo. Kodak ikawa na wote wawili, na bado mwaka 2012 ikaomba ulinzi wa kufilisika, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Mwaka 1991 ikaja Kodak DCS: mwili wa Nikon F3, megapikseli 1.3, na diski ya megabaiti 200 uliyoibeba begani kwenye sanduku lake. Bei yake ilikuwa ya magazeti makubwa, si ya watu. Halafu mwaka 1995 yakatokea mambo mawili ambayo hayakupigiwa kelele nyingi. Casio ikaanza kuuza QV-10, kamera ndogo yenye pikseli 320 kwa 240 tu, lakini yenye kioo nyuma cha kukuonyesha ulichopiga hapo hapo. Na huko huko Japani chama cha viwanda vya elektroniki kikachapisha muundo unaoitwa Exif. Kioo kilikuambia umekosea. Exif ilikuambia umekosea vipi. Lile daftari ambalo hakuna aliyeliandika, sasa kamera ikaliandika yenyewe kwa kila picha bila kuulizwa.

Nivumilieni kidogo hapa maana ndiyo kazi yangu. Fungua faili ya JPEG kwa programu inayoonyesha baiti. Mbili za kwanza ni FF D8. Kwenye kamera nyingi zinafuatwa na FF E1, kisha herufi E, x, i, f. Baada yake kuna II au MM, kukuambia mpangilio wa baiti, halafu jedwali la vitambulisho. 829A ni muda wa shata, 829D ni namba ya f, 8827 ni ISO. Muda na f havihifadhiwi kama desimali bali kama namba mbili kamili, ya juu na ya chini, yaani 1/250 imeandikwa kweli kama 1 na 250. Niliandika kisomaji changu mwenyewe kwa kujifurahisha, kisha nikagundua kwamba Phil Harvey amekuwa akitoa ExifTool bure tangu 2003 na inajua mambo elfu ambayo yangu haijui. Nikafuta yangu.

Mwaka huo huo wa 2003 Canon ikatoa EOS 300D, megapikseli 6.3, ya kwanza ya aina yake kushuka chini ya dola 1000 kule Marekani. Miaka mitatu baadaye kamera kama hizo zikaanza kufika kwetu mkono wa pili, nami nikanunua moja yenye alama za meno ya mtoto wa mtu kwenye kamba. Ndiyo niliyokwenda nayo Voi.

Turudi kibarazani. Nani alichagua f/8, 1/250 na ISO 100? Si mimi. Nilikuwa nimeweka alama ya kijani, ile ya otomatiki. Aliyechagua ni kipima mwanga, na hapa ndipo historia iliponigusa hasa.

Weston ilianza kuuza kipima mwanga chake cha umeme cha mpiga picha mwaka 1932, na baadaye kifaa cha aina hiyo kikahamia ndani ya kamera. Ni kifaa kizuri lakini hakijui kinatazama nini. Hakioni nyanya, hakioni kuku. Kinaona wingi wa mwanga, na kinachukulia kwamba dunia ukiichanganya yote pamoja inatoa kijivu cha katikati. Basi kinapanga namba ili unachokitazama kitoke kijivu. Unaweza kukikamata kwa urahisi. Weka kamera kwenye otomatiki, jaza picha yote kwa karatasi nyeupe, piga. Kisha jaza kwa kitambaa cheusi, piga. Zote mbili zitatoka kijivu, na mara nyingi utashindwa kusema ipi ilikuwa ipi. Mwaka 1983 Nikon FA ilianza kugawa picha katika sehemu tano na kuzilinganisha, na mifumo iliyofuata imekuwa na akili zaidi, lakini chini kabisa swali ni lile lile: je, hii ni katikati?

Kwenye picha yangu sehemu kubwa ilikuwa ua wenye jua. Kipima kikaufanya ua kuwa katikati, na kilifanya kazi yake sawasawa. Kivuli cha paa la mabati kilikuwa na mwanga pungufu wa kama stopu tatu, yaani sehemu moja ya nane. Na hapo hatujafika kwenye ngozi. Ansel Adams na Fred Archer, walipopanga mfumo wao wa kanda karibu mwaka 1940, waliweka kijivu cha katikati kwenye kanda ya tano, na ngozi ya Mzungu kwenye ya sita, stopu moja juu yake. Ngozi ya nyanya yangu iko chini ya katikati. Kwa hiyo uso wake ulianza chini, ukasukumwa stopu tatu chini zaidi. Nilisoma pikseli za uso wake moja moja: nyingi ziko kati ya 10 na 30, kwenye kipimo kinachokwenda hadi 255. Sura nzima ya mtu, makunyanzi yake, jicho lake la kushoto lililokuwa likifumba akicheka, vimebanwa kwenye ngazi 20. Nilizivuta juu kwa kila programu niliyoijua. Zinapanda, lakini zinapanda kwa madoa ya kijani na zambarau. JPEG ilikuwa imeshatupa mengine yote. Laiti ningehifadhi faili ghafi ya biti 12 ningepata kitu.

Na kosa hili lina upande wa pili ambao watu hawausemi. Ukimsogelea mtu mweusi hadi uso wake ukajaza picha, kipima kinaona giza, kinaongeza mwanga, na ngozi yake inatoka rangi ya majivu. Kwa hiyo si kweli kwamba dawa ni kuongeza mwanga kila mara. Dawa ni kujua kwamba kifaa kina wazo lake la katikati na wewe hauko kwenye wazo hilo.

Upande wa rangi mambo yalikuwa ya wazi zaidi. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi ya mfano kutoka Kodak iliyoonyesha mwanamke Mzungu, na kadi hizo ziliitwa Shirley, jina la mmoja wa wanamitindo hao. Akitoka yeye vizuri, mashine ni nzima. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada aliandika mwaka 2009 jinsi hali hiyo ilivyoanza kubadilika, na sehemu inayonichekesha kwa uchungu ni kwamba kampuni zilizolalamika kuhusu rangi za kahawia zilikuwa za chokoleti na za samani za mbao. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilifika katika miaka ya 1990. Simu za sasa zinaunganisha picha kadhaa kwa mara moja na kutafuta nyuso kwanza, na mwaka 2021 Google ilitangaza Pixel 6 ikisema wazi kwamba imeifanyia kazi ngozi nyeusi. Ni vizuri. Huwa najiuliza ni picha ngapi za nyanya zilizopigwa kabla ya hapo.

Ilinichukua jioni mbili hivi kujifunza ambacho kingeokoa picha ile, baada ya mazishi. Niliweka dumu jeusi la maji kibarazani mahali pale pale, saa saba mchana, ua nyuma yake. Nikaanza na f/8, 1/250. Dumu likapotea. Nikafungua tundu hadi f/5.6, stopu moja. Nikapunguza kasi hadi 1/125, ya pili. 1/60, ya tatu. Dumu likatokea, na chapa yake, na mkwaruzo wa mpini, na ua ukaungua ukawa mweupe. Nikaelewa kwamba siku ile nilipaswa kuchagua kati ya nyanya na ua, na kwa kuwa sikuchagua, kamera ilichagua ua.

Kumbe kulikuwa na njia nyingine pia. Ningeweza kutumia flashi mchana, jambo ambalo wapiga picha wa harusi hufanya na mimi niliwacheka. Ningeweza kupima mwanga wa uso peke yake kwa alama ya nukta. Au ningemwomba ageuze kiti, akaangalia uani, mwanga ukamjia usoni bila namba hata moja kubadilika. Hilo la kiti ndilo linaloniuma.

Mwezi uliopita nilikuwa Voi tena. Mama sasa ndiye anayekaa kwenye nyumba ile, na anapenda kukaa kibarazani saa zile zile. Nilimwambia, "Mama, geuza kiti kidogo." Akageuka akilalamika kwamba jua litamwingia machoni. f/5.6, 1/125, ISO 200. Nilimwonyesha kwenye kioo, akakiweka mbali na uso wake kama wanavyofanya wasiovaa miwani, akatazama muda mrefu. Akaniambia niichapishe kwenye karatasi, tena kubwa, kwa sababu vitu vya kwenye kamera havina uhakika. Nimechapisha mbili.